Kishikwambi hakitoi ushauri wa dawa, interni

Wadogo zangu mlioripoti famasia mwezi huu, nawapenda, lakini mmeshaanza. Mgonjwa kapewa ruhusa, ndugu anahangaika na bili dirishani, bajaji inasubiri getini, ndipo unamshikisha kishikwambi, unambonyezea video ya insulini na kwenda zako kunywa chai. Ukirudi: "Umeelewa, baba?" "Nimeelewa, daktari." (Si daktari wewe, ila hukumsahihisha.) Tiki kwenye faili, kwaheri.

1. Video ionyeshwe kabla ya siku ya ruhusa, saa ya kuona wagonjwa, anayetunza dawa nyumbani akiwepo.

2. Itazame wewe kwanza mpaka mwisho. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna mzee alilazwa sukari ikiwa juu mno. Ikashuka, akapangiwa insulini ya 30/70 (mchanganyiko wa ya haraka na ya polepole), asubuhi na jioni. Nikamwekea video tuliyokuwa tunaisifia wodi nzima: picha safi, Kiswahili fasaha. Mwishoni mama mmoja anafungua friji jeupe, anaweka kichupa, sauti inasema hifadhi insulini yako kwenye friji. Mzee akaitikia kwa kichwa. Sikumuuliza kama nyumbani analo.

Alirejeshwa midomo imekauka, anapumua kwa kasi, glukomita inaandika HI tu, yaani sukari imepita kipimo chake. Tukaanza minong'ono yetu ile: huyu hachomi. Mimi nikamgeukia mkewe na kumsomesha kama mtoto wa darasa la pili. Mama wa watu hakubishana. Akafungua fundo la kanga, akatoa kichupa: vipande vyeupe vimeng'ang'ania ukutani, hata ukikiviringisha viganjani havichanganyiki. "Tunaiweka kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu, mwanangu. Si video ilisema?"

Usiku inaganda, asubuhi wanaiyeyusha, mzee anachoma kwa wakati, hakosi hata dozi moja. Sijapata mgonjwa mtiifu kama yule. Kila alichoagizwa alikifanya, na aliyemwagiza ni mimi.

Insulini ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8, bila kugusa barafu. Kinachotumika kinaweza kukaa nje penye ubaridi takriban wiki 4. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliichunguza kwa joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya, wakatoa matokeo mwaka 2021: kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki 4, ilibaki na nguvu yake. Mzee tukamfundisha vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini. Mkewe alielewa kabla sijamaliza. Maji ya kunywa ameyapoza kwenye chungu miaka yote.

3. Futeni "umeelewa?" Semeni "nionyeshe". Mwenye pumu atikise pampu, avute, abane pumzi mbele yako. Wako wanaojipulizia kama marashi.

4. Kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, video ikisema "epuka mboga za majani" isimamishe. Hakuna atakayeacha mchicha na kisamvu hapa, na hatumtaki aache: asibadilishe kiasi ghafla, basi. Diklofenaki, ile ya maumivu ya duka la dawa, ndiyo ya kumkataza kwa herufi kubwa.

5. Bibi hana miwani, feni inanguruma, kitanda cha pili wanasali kwa sauti, na wewe umemwachia video yenye maandishi madogo. Vuta stuli, mwamkie, mweleze kwa mdomo.

6. Kichajiwe usiku, kifutwe kwa spiriti kila kikitoka kitanda kimoja kwenda kingine. Na aliyefuta video ya warfarin ili apate nafasi ya mechi ya Simba na Yanga, nakujua. Ratiba ya zamu za usiku naipanga mimi.