Maswali ya Wasomaji: Injili Kwanza, Daftari la Michango Baadaye

Barua tatu za safari hii zimetoka vigangoni, yaani sehemu ndogo za parokia, huko ambako padre huonekana mara moja kwa mwezi na shughuli za wiki nzima hubebwa na walei, waamini wasio mapadre wala watawa. Tumezifupisha na kuziondolea majina.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama mwenyekiti wa jumuiya yenye kaya 18 katika kigango kimoja wilayani Mbinga. Tunakutana kila Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Miaka ya nyuma watu walijaa hadi uani, lakini sasa tukiwapata saba tunashukuru. Baadhi yao wameniambia wazi kwamba wamechoka kusomewa majina ya wadaiwa. Nami nabanwa, kwa kuwa kila mwezi kigango kinataka taarifa ya zaka, ya ujenzi wa nyumba ya mapadre na ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu. Injili tunaisoma, lakini katekista msaidizi akishaieleza hakuna anayeongeza neno. Nifanye nini ili tafakari irudi?

JIBU: Milele amina, mama mwenyekiti. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, la fedha na la Neno, nami nitaanza na la Neno kwa sababu naamini likitengemaa, la fedha hupungua ukali. Maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa katika ukanda wetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, ambamo watu wanajuana kwa majina na wanajua nani anaumwa na nani amefiwa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika wosia wake wa kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, alizieleza jumuiya hizo kuwa mahali pa kusali, pa kulisikiliza Neno la Mungu na pa kuyatazama matatizo ya watu katika mwanga wa Injili, tena kwa upendo unaovuka mipaka ya ukoo na kabila. Kukusanya fedha kunaweza kufanyikia humo, lakini siko kulikozizaa.

Njia ya tafakari inayojulikana zaidi ni ile ya hatua saba, iliyotungwa katika Taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini, na kwa kuwa haihitaji msomi wala kitabu kingine zaidi ya Biblia, ilienea hadi kwetu bila shida. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala ya maneno yake mwenyewe; Injili ya Jumapili inayofuata inasomwa; kila anayetaka anatamka kwa sauti neno moja au kifungu kifupi kilichomgusa, pasipo kukieleza, kisha somo zima linarudiwa; panakuwa na kimya cha dakika chache; ndipo watu wanashirikishana jinsi neno hilo lilivyogusa maisha yao; kisha jumuiya inajiuliza inatumwa kufanya nini wiki hiyo; na mwishoni kila mwenye sala anaitoa. Nadhani mnazijua zote. Ninachoshuku, kwa jinsi ulivyoandika, ni kwamba ya tatu na ya nne mmeziacha njiani.

Ya tatu hurukwa kwa sababu watu wazima wanaona haya kutamka maneno matatu na kunyamaza, kana kwamba hawakujiandaa. Ya nne hurukwa kwa sababu hatujazoea kimya: haijapita nusu dakika mtu anakohoa, katibu anafungua daftari lake, na anayeongoza, akidhani kwamba mambo yamekwama, anaanzisha wimbo. Hatua hizo mbili zikiondoka, kinachobaki ni msomaji na mwalimu, na palipo na mwalimu wengine wote hugeuka wanafunzi. Ndiyo maana katekista msaidizi akimaliza hakuna anayeongeza. Mwombe faraghani, kwa heshima, akae kama mwanajumuiya mwenzenu, aseme wa mwisho, na afafanue pale tu mtu anapouliza jambo la kufahamishwa, kwa mfano Masadukayo walikuwa akina nani. Anayesema "sisi Wakristo tunapaswa" ameanza kuhubiri. Anayesema "neno hili limenikuta nimenuniana na wifi yangu tangu Jumanne" anashirikisha. Ukianza wewe mwenyewe kwa namna hiyo ya pili, tena kwa sentensi mbili tatu tu, wengine watajua kwamba inaruhusiwa.

Chukueni kwa mfano Injili ya Jumapili ya 32 ya Mwaka B, wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, ile ya mjane maskini aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hazina (Mk 12:38-44). Viongozi tunaipenda sana wakati wa michango. Kanisa linaruhusu isomwe kwa kifupi kuanzia aya ya 41. Katika jumuiya isomeni yote, kwa maana katika aya ya 40, mjane akiwa hajaingia bado, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa kujionyesha. Kisha anakaa akilielekea sanduku na kutazama watu wanavyotia. Aliyesoma aya hizo zote kwa pamoja hawezi kwa urahisi kumgeuza mjane yule kuwa fimbo ya kuwachapia wasiotoa. Katika hatua ya tatu, mjane aliye miongoni mwenu huenda asichague zile sarafu mbili, akachagua maneno "nyumba za wajane", na hapo mwacheni aseme. Mwenye duka naye akilichagua lile neno linalohusu matajiri waliotoa katika ziada yao, aachwe aseme, bila mtu kumtazama kwa jicho la kumsuta. Mkifika hatua ya sita, swali litakuwa limebadilika: badala ya kuuliza nani hajatoa, mtauliza ni kaya gani kati ya zile 18 iliyouza debe lake la mwisho la mahindi ili jina lake lisisomwe, na ni nani atakayeubeba mchango wake mwaka huu.

Sasa fedha. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 222, zinasema waziwazi kwamba waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba michango yenyewe ni dhambi. Lakini sheria hizohizo zinaagiza, katika kanuni ya 848, kwamba wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na katika kanuni ya 1181, kwamba maskini wasikoseshwe mazishi yanayowastahili. Kwa maoni yangu, kusoma majina ya wadaiwa mbele ya watoto na wakwe zao ni aibu inayopaswa kukoma hata kama ndiyo njia iletayo fedha haraka. Mhazini asome jumla iliyopatikana na kiasi kinachopungua, basi. Mwenye deni afuatwe nyumbani kwake na watu wawili wenye busara, nao waende tayari kusikia "sina". Taarifa hiyo isomwe baada ya sala ya mwisho, isizidi robo saa, na daftari lisikae juu ya meza yenye msalaba na mshumaa wakati Injili inasomwa. Katika wilaya ya kahawa kama yenu, michango mikubwa ipangwe baada ya watu kulipwa mauzo yao. Kumdai mkulima wakati ananunua mbolea ni kumfukuza. Halafu nendeni, wewe na wenyeviti wenzako, kwenye halmashauri ya walei mkaombe kigango kipunguze idadi ya michango inayokwenda kwa wakati mmoja, kwa sababu mzigo huo haukuanzia kwako.

Watu hawatarudi wote kwa mara moja. Wale saba wanatosha kuanza nao, na kimya cha dakika tatu ni rahisi kukizoea mkiwa saba kuliko mkiwa arobaini.

SWALI: Mimi ni katekista wa kigango. Paroko wetu ana vigango tisa, hivyo Jumapili nyingi naongoza ibada mwenyewe. Baadhi ya waamini wananiambia mahubiri yangu ni marefu, na mzee mmoja amenihoji kama nina ruhusa ya kuhubiri. Ukweli ni upi?

JIBU: Mwalimu, mzee huyo ameuliza swali la haki, ingawa pengine hakuchagua maneno ya upole. Kanuni ya 767 inaihifadhi homilia, yaani mahubiri yaliyo sehemu ya liturujia yenyewe, kwa padre au shemasi. Hata hivyo Kanisa halikuwaacha wanavigango bila chochote. Kanuni ya 1248 inahimiza sana kwamba panapokosekana padre waamini washiriki Liturujia ya Neno, na mwongozo wa Roma wa mwaka 1988 kuhusu ibada za Jumapili pasipo padre unataka masomo yafafanuliwe au pawe na kimya cha kutafakari, na unapendekeza paroko aandae homilia mwenyewe ampe kiongozi wa ibada aisome. Kwa hiyo mwombe paroko wako kurasa mbili za kila Jumapili, hata kwa njia ya simu. Asipopata nafasi, fafanua masomo kwa kifupi kadiri alivyokuruhusu, useme lile ambalo Injili imesema na pale linapogusa maisha ya hapo kigangoni, kisha keti na uwaache watu wanyamaze kidogo kabla ya Nasadiki.

Mwongozo huohuo unasema kwamba mlei anayeongoza ni mmoja miongoni mwa walio sawa naye. Hakalii kiti cha padre wala hatumii maneno yaliyo ya padre, kama salamu ya "Bwana awe nanyi". Mambo hayo yanaonekana madogo, lakini wazee huyatambua upesi kuliko makosa ya mafundisho, na ukiyazingatia nadhani maswali juu ya ruhusa yatapungua yenyewe.

Kuhusu urefu sina la kuongeza zaidi ya kwamba wanaokulalamikia wamekufanyia hisani. Andika ufafanuzi wako Ijumaa jioni baada ya kuisikia jumuiya mojawapo ikitafakari Injili hiyohiyo, kwa maana huko utasikia ni wapi somo linawagusa watu na utaacha kueleza yale ambayo hakuna aliyeuliza. Usiione kazi yako kuwa ya kuziba pengo la padre. Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium ya tarehe 10 Mei 2021, aliiweka huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa, na ukisoma historia ya vigango vyetu utakuta vingi vilianzishwa na makatekista waliotembea kwa miguu, padre akafuata baadaye.

SWALI: Nauza mboga kwenye mnada wa Jumamosi na jumuiya yetu inakutana Jumamosi hiyohiyo saa moja asubuhi. Mahudhurio yangu ni mabovu kwa sababu hiyo. Sasa nimejifungua, na nilipoomba barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe, niliambiwa jina langu lilishakatwa. Je, mtoto wangu atakosa ubatizo?

JIBU: Hongera kwa uzazi, dada. Hapana, mahudhurio yako katika daftari si sharti la ubatizo wa mtoto. Kanuni ya 868 inataka mambo mawili kwa mtoto mchanga: mzazi mmoja angalau akubali, na pawe na tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Barua ya jumuiya ni njia ya paroko kulijua hilo la pili, na ni njia nzuri, kwa kuwa majirani wanakufahamu kuliko yeye. Lakini barua ni ushahidi tu. Tena kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake, basi usikubali jambo hili lisogezwe mpaka mwakani kama adhabu.

Hakuna sheria inayoitaka jumuiya ikutane Jumamosi. Siku huchaguliwa na wanajumuiya, na zipo jumuiya zinazokutana Alhamisi jioni au Jumapili mara baada ya ibada. Kama wenzako kadhaa nao wanakwenda mnadani, ombeni kwa pamoja siku ibadilishwe, au wiki moja iwe Jumamosi na nyingine siku ya katikati ya juma. Ikikataliwa, chagua angalau kushiriki jumuiya inapofika nyumbani kwako, na siku hiyo uipange mapema na mwenyekiti ili isiangukie mnada.

Kwa sasa nenda kwanza kwa mwenyekiti nyumbani kwake, pasipo watu wengi, umweleze juu ya mnada. Yawezekana jina lilikatwa na mtu ambaye hakujua unakokwenda kila Jumamosi alfajiri. Barua ikiendelea kuzuiliwa, mwone katekista, kisha paroko siku atakayokuja kigangoni, ukiwa umeongozana na msimamizi wa ubatizo uliyemchagua, ambaye awe amepata Kipaimara na awe anaishi imani yake.