Baba Anauliza: Mkojo Umeshasema, Kisu cha Nini?

SWALI: Mzee, baba yangu ana miaka 66 na anakojoa damu tangu Machi. Huku Ahero alitibiwa kichocho, kisha maambukizi ya mkojo mara mbili. Hospitali moja ya Kisumu ikapima mkojo kwa hadubini na kuandika "seli zinazoshukiwa kuwa za limfoma". Sasa wanataka kumkata kipande cha nyama kibofuni. Amekataa. Anasema mkojo umeshasema, kisu cha nini? – Binti yake, Ahero

JIBU: Binti yangu, baba ameuliza vizuri. Nimestaafu baada ya miaka mingi maabara, na limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi, niliiona kwenye mkojo mara mbili tu. Mara nyingi huanzia kwenye matezi, ikaja ikaingia figo au kibofu.

Mkojo hubeba seli zinazobanduka njiani. Tunauzungusha kwa mashine, mashapo yakatulia chini, tukayapaka kwenye kioo na kuyatia rangi. Papanicolaou na Marshall waliieleza njia hii mwaka 1945. Seli za saratani ya kawaida ya kibofu mara nyingi hushikana vikundi. Za limfoma hukaa moja moja kama majirani waliogombana, kiini kikubwa kimejaza karibu seli nzima.

Taabu ni kwamba maambukizi nayo huleta limfosaiti zisizo za saratani kwenye mkojo, na baba ametibiwa maambukizi mara mbili. Nikiziona ndogo kwa kubwa zimechanganyika, kama za maambukizi, nilitulia. Zikiwa zote kubwa, zinafanana kama matofali ya kalibu moja, nilimwita mwenzangu aangalie.

Tena ulikuwa mkojo wa saa ngapi? Wa kwanza wa alfajiri umelala kibofuni usiku kucha, seli zimeharibika. Sisi hutaka wa pili, ufike upesi. Nimewahi kuletewa mmoja kwenye chupa ya soda, umepanda matatu mchana wa jua kali. Niliumwaga.

Kwa hiyo "zinazoshukiwa" si hukumu. Kipande cha nyama hupimwa alama zilizo juu ya seli, kama ile iitwayo CD20, ijulikane ni limfoma ya aina gani, maana aina ndiyo inayochagua dawa. Na tumbo halipasuliwi: kamera nyembamba hupitia njia ya mkojo, naye amepigwa ganzi au amelazwa usingizi. Mwambie pia hili: limfoma kwa kawaida hutibiwa kwa kemo, ilhali saratani nyingine za kibofu huweza kumfanya mtu atolewe kibofu kizima. Mimi ningekuwa yeye, ningetaka kujua ni ipi.

Akienda, ombeni vile vioo vya kwanza viangaliwe pamoja na hiyo nyama.