Kwa wanaoanza kazi ya kuhamisha nyoka majumbani

Huku Kilifi simu huzidi mvua zikianza, na anayepiga atakwambia ni koboko. Nyoka yeyote mrefu kwake ni koboko. Mara nyingi utafika ukute ukukwi, nyoka wa kijani asiye na sumu, mwembamba kama kalamu, aliyefuata chura kwenye chungu cha maua. Usimcheke mwenye nyumba. Yeye akikosea jina, hasara ni mafuta ya pikipiki tu. Ukikosea wewe, ni mambo mengine.

Kabla hujawasha pikipiki, mwombe mtu mmoja asimame hatua kumi kutoka kwa nyoka, asimwondolee macho. Nyoka anayeonekana ni kazi ya robo saa. "Ameingia huko nyuma ya kabati" ni kazi ya kutwa, na usiku watu hawalali.

Kisha uliza anafanya nini, maana rangi hudanganya. Koboko mwenyewe, yule Waingereza humwita "black mamba", ni wa kijivu au kahawia. Weusi wake uko ndani ya mdomo. Bafe hakimbii. Hulala kama kipande cha gogo na kupuliza kama tairi iliyotobolewa. Swila huinua kifua, na yule mkubwa wa kahawia wa pwani yetu hukutemea sumu ya macho. Alitambuliwa kuwa spishi yake mwenyewe mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu. Kwake vaa miwani ya fundi wa kuchomelea, ile inayoziba na pembeni. Na wafukuze wanaoinama na simu kupiga picha. Akikupata machoni, osha kwa maji mengi, tena mengi, huku unaelekea hospitali.

Wa kijani ndio wanaoniumiza kichwa mpaka leo. Nyoka aitwaye mamba wa kijani, wa miembe na mikorosho, ana kichwa kirefu na jicho dogo. Ukukwi ana jicho kubwa. Wanafunzi wangu hupenda sana kanuni hiyo, halafu nawakumbusha kwamba kuna nyoka mwingine wa mitini, kichwa kifupi, jicho kubwa kuliko wote, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Jicho kubwa lisikutulize. Usiyemjua, mhesabu kuwa ana sumu.

Hilo nililijua kwa mdomo tu mpaka mwaka wangu wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mlinzi akaniita barazani: kinyoka cheusi, kinang'aa, urefu wa shubiri mbili. Nikasema ni kitoto cha nyoka tu. Nikambana kichwa kwa kijiti, nikamshika nyuma ya shingo kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Hakufungua hata mdomo. Aligeuza kichwa kidogo, jino likatokea pembeni ya mdomo uliofumbwa, likanichoma kidole gumba. Aina hiyo ya nyoka haina shingo ya kushika, na sindano ya kuzuia sumu yake haipo. Mkono ulivimba mpaka pete ikabidi ikatwe. Ncha ya kidole imepinda hadi leo, na pete mpya huibakiza nyumbani ninapokwenda kazini.

Basi, mikono kaa nayo mbali. Vifaa vyangu ni upembo mrefu wa chuma na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kuzungusha, iliyotobolewa vitundu vidogo. Ilaze ndoo ubavu, mdomo ukigusa ukuta, upande ule nyoka anakoelekea. Nyoka hupenda kufuata ukuta na hupenda giza. Msogeze polepole kwa upembo, subiri. Akishaingia, inua ndoo kwa upembo huohuo, kisha funika. Gunia usitumie: meno hupita kwenye nguo mpaka kwenye paja lako.

Kazi ngumu zaidi ni watu. Daima yupo mzee mmoja ameshika panga. Ukimwambia aondoke atakasirika, kwa hiyo mpe kazi: "Baba, nishikie mfuniko huu." Panga litawekwa chini lenyewe. Na kama ameshakata kabla hujafika, kichwa kile usikiguse; huweza kuuma hata kikiwa peke yake.

Mtu akiumwa, usifunge kamba, usichanje, usiweke jiwe jeusi. Mvue pete na saa, atulie, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Ujue mapema ni hospitali gani yenye sindano, upige simu kabla ya kuondoka. Na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakujue na wawe wamekuruhusu kabla hujaanza kubeba nyoka barabarani.

Kabla hujaaga, zungukia banda la kuku. Pumba zilizomwagika huleta panya, panya huleta nyoka, na rundo la makuti ya zamani humpa nyumba. Mwambie mama mwenye boma ayaondoe, la sivyo mtaonana tena.

Nyoka mwachie siku hiyohiyo, kichakani, si mbali sana na alikotoka. Akitupwa ugenini huhangaika. Ilaze ndoo, simama nyuma yake, fungua. Bafe anaweza kukaa humo nusu saa nzima bila kujali. Usiigonge ndoo. Mimi hukaa kwenye pikipiki nikala mahamri mpaka atoke.