Maji ya mchicha hayamwagwi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji tunafanya nini ili milo yetu ya kila siku iwe na madini ya potasiamu ya kutosha. Kubwa nililolifanya mimi ni kuacha kumwaga maji ya mboga.

Nilikulia katika nyumba ambamo mchicha ulichemshwa hadi maji yakawa ya kijani, kisha ukakamuliwa kwa mikono madonge madonge, na maji yale yakamwagwa nyuma ya jiko kabla mboga haijaungwa kwa kitunguu na nyanya. Niliendelea na desturi hiyo kwa miaka mingi baada ya kuolewa, mpaka nilipoelewa kwamba potasiamu huyeyuka katika maji, na kwamba sehemu kubwa ya nilichokinunua sokoni nilikuwa nakipeleka mtaroni. Siku hizi nauosha mchicha kabla ya kuukatakata, wala si baada yake. Nakaanga kitunguu na nyanya kwanza, natumbukiza mboga ikiwa ingali na umajimaji wa kuoshewa, nafunika sufuria kwa dakika chache, na mchuzi unaobaki chini tunaumalizia kwa ugali. Matembele nayapika hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Wengi wakisikia hivyo huwaza ndizi mbivu, lakini ndizi moja ya wastani ina kama miligramu 400 tu, ilhali kikombe cha mchicha uliopikwa hufikisha takribani maradufu ya hizo, na kikombe cha maharage yaliyochemshwa hukaribia 700. Kikombe cha wali mweupe hakifiki hata 100. Nilipoyajua haya niliitazama upya sahani ya wali maharage tunayoila nyumbani, wali ukiwa mlima na maharage vijiko viwili pembeni, nikabadilisha vipimo. Unga nao nimeuhama: tunakula dona badala ya sembe, kwa sababu madini ya mahindi yamo zaidi katika kiini na pumba, ambavyo mashine ya kukoboa huviondoa. Watoto walinung'unika mwanzoni, kisha wakazoea.

Ninalihangaikia jambo hili kwa sababu mama yangu mzazi ana shinikizo la damu. Potasiamu huzisaidia figo kutoa sodiamu ya ziada kwa njia ya mkojo, na pia huilegeza mishipa ya damu, kwa hiyo haitoshi kuongeza mboga huku mkono ukiendelea kuwa mzito kwenye chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo nimeacha kutia magadi katika maharage na kisamvu, maana magadi ni sodiamu vilevile. Maharage nayaloweka usiku kucha, namwaga maji ya kuloweka ili yasitujaze gesi, lakini mchuzi wa kuchemshia haumwagwi. Kisamvu bila magadi kinataka subira na kuni zaidi, nakiri, ila kwa presha ya mama naona gharama hiyo inastahili.

Hata hivyo, naomba wasomaji wenzangu wasiuchukue ushauri huu kwa kila mtu. Shemeji yangu ana ugonjwa wa figo, na figo zisipoweza kuitoa potasiamu iliyozidi, hujikusanya katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zipo pia dawa za presha zinazoipandisha potasiamu katika damu, na chumvi mbadala zinazouzwa kwa watu wa presha mara nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, kwa hiyo mgonjwa wa figo asizitumie bila kumuuliza daktari wake. Kliniki walimwelekeza shemeji akate viazi na mihogo vipande vidogo, avichemshe katika maji mengi, na maji hayo ayamwage. Akitutembelea, nabandika sufuria mbili. Mchicha wake nauchemsha na kuukamua madonge madonge, kama tulivyofundishwa utotoni, naye hupewa kiasi kidogo alichoruhusiwa; wa kwetu na mama unabaki na mchuzi wake.