Usitume hizo pesa za cheti

Usitume. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, nikashuka steji mbili kabla ya kwetu ili nikujibu nikiwa nimesimama mahali pamoja. Unasema umefanya mazoezi ya kujilinda miezi 14, Ijumaa unalipa shilingi 40,000 upate cheti cha ualimu cha siku mbili, na mwezi ujao unafungua darasa la kina mama na wasichana huko Umoja. Unauliza kodi ya ukumbi, ada ya kutoza, vifaa, na kama Krav Maga, ule mtindo wa kujilinda wa Kiisraeli, inafaa kuliko judo au taekwondo.

Mimi nililipa 38,000 mwaka 2016. Jumamosi na Jumapili, ukumbi wa hoteli mjini, watu 22. Jumapili jioni tukapewa vyeti vyenye mhuri wa dhahabu, tukaambiwa tunaweza kufundisha kuanzia Jumatatu. Nami nikafundisha. Darasa langu la kwanza lilikuwa na kina mama 9, la pili 17. Walinilipa 300 kwa kila kipindi na walikuwa wananiamini kabisa.

Nilichowafundisha kwa bidii kuliko vyote ni kujinasua kutoka kwa ngeta, yaani kukabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma. Nani anaishi Nairobi hajui ngeta? Kila mmoja wao alikuwa na dada au jirani aliyewahi kukabwa. Mbinu niliyouziwa ilikuwa hivi: shika ule mkono kwa mikono yako miwili, teremsha kiuno, inama mbele, mrushe juu ya bega. Ni mbinu ya kweli, wanajudo wanayo. Lakini ukumbini mwenzako anakuwekea mkono shingoni kama skafu, anasimama wima, anangoja umrushe. Anajua unachotaka kufanya na anakusaidia kukifanya. Tuliirudia mara mia, na mara mia akaruka. Tukapiga makofi.

Sasa nikueleze ngeta ya barabarani. Anakuvuta nyuma na chini kwa mkupuo mmoja. Unabaki umesimamia visigino, kidevu kimeinuliwa juu, na mwenzake yuko mbele yako tayari, mkono umo mfukoni mwako. Huna mguu wa kuinamia mbele. Mishipa ya pande mbili za shingo ikibanwa sawasawa, fahamu inakutoka ndani ya sekunde 10 hivi, na kadhaa kati ya hizo zinaishia kwenye mshtuko. Hakuna hata mara moja tuliyofanya zoezi la watu wawili. Hakuna hata mara moja tuliyoanza tukiwa tumeshavutwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watoto wawili, mwuguzi wa zamu, alishuka matatu saa tatu usiku akapita njia ya mkato kando ya ukuta. Kijana akamsimamia mbele: leta simu. Simu ilikuwa mkononi. Hakutoa, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia kwamba sasa yeye si mtu wa kuonewa. Wa pili akamkaba kwa nyuma. Akashika ule mkono kwa mikono miwili, akateremsha kiuno, akajaribu kuinama, vile vile nilivyomwonyesha. Wakaanguka wote nyuma, jamaa juu, yeye chini, kifundo cha mkono kikavunjika mahali pawili. Simu yenyewe ilikuwa ya shilingi 12,000. Alikaa bila kazi miezi minne.

Nilienda kumwona wodini nikiwa na maziwa na ndizi, sijui niseme nini. Yeye ndiye aliyeanza. “Mwalimu, nilifanya vile ulinionyesha. Kwa nini hakusogea?”

Sikuwa na jibu. Nilimpigia simu yule bwana wa vyeti, nikamweleza yote. Akaniambia mama hakuzungusha kiuno vizuri, na kwamba kuna kozi ya pili, 55,000, inayorekebisha makosa hayo. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake damu inanichemka. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Tukiwa kwenye semina mtu mmoja aliuliza kwa nini hatujaribiani kwa nguvu, naye akajibu kwamba mbinu zake ni za kijeshi, ni hatari mno, mtu atakufa. Sisi tukaona fahari! Yule aliyeuliza alikuwa na akili kutuzidi sote na tulimcheka.

Huo uongo wa “hatari mno kujaribiwa” ulishajibiwa zamani. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipofungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa na wanafunzi wachache na mikeka 12 (mikeka ya mazoezi, vijana, si ya kubeti). Alizichukua mbinu za jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, zile za kuua akaziacha zifanywe kwa mpangilio uliokubaliwa tu, na zile ambazo mtu anaweza kufanyiwa kwa nguvu zote akaamka akaenda nyumbani akazifanya msingi wa mazoezi ya kila siku. Wanaita randori: mnashikana, kila mmoja anataka kumwangusha mwenzake, hakuna anayemsaidia mwingine. Hata Imi Lichtenfeld aliyeanzisha Krav Maga unayoiulizia alikuwa mwanamieleka na bondia kabla ya kufundisha mtu yeyote. Mwili wake ulishajua mtu anayekataa anafananaje. Kwa hiyo swali lako la mtindo gani ni bora, jibu langu ni kwamba jina si neno. Ingia ukumbini, kaa pembeni saa nzima, uangalie kama kuna dakika ambapo watu wanakataana kikweli. Kama hakuna, toka.

Baada ya lile tukio nilifunga darasa. Nikamwomba rafiki yangu kondakta, mtu mnene mwenye kifua, anikabe jinsi anavyojua yeye, anivute, asiniambie lini. Mara 20. Nikatoka mara 2. Kisha tukavaa fulana nyeupe, akachukua kalamu ya wino mzito badala ya kisu, nami nikajaribu kumnyang'anya kwa zile mbinu zangu za cheti. Nilijaa wino mikononi, tumboni, na mstari mmoja mrefu shingoni. Na nilikuwa nimewafundisha hayo kina mama 17.

Nikaanza judo upya nikiwa na miaka 34, mkanda mweupe, nikiangushwa na watoto wa sekondari. Miaka mitatu kabla ya kufundisha tena.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu yeyote: sifundishi mbinu ambayo mimi mwenyewe sijaifanya kwa mtu anayekataa, aliyenizidi uzito, asiyejua nitafanya nini. Na mwanafunzi haondoki akiamini ameijua kabla naye hajafanyiwa hivyo. Ngeta siku hizi nafundisha kidogo tu: kidevu chini mara moja, mikono miwili ivute ule mkono upate pumzi, geukia upande wa kiwiko chake, kimbia. Tunaanza tukiwa tumeshavutwa nyuma, wa pili yuko mbele. Wengi wanashindwa, na nawaachia washindwe hapo hapo kwenye mkeka. Simu wanatoa. Tunafanya hata mazoezi ya kuitupa upande mmoja na kukimbilia mwingine, na hilo ndilo zoezi ninalolirudia kuliko yote.

Waambie pia wanafunzi wako wakishanasuka waache hapo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu ya kujilinda kwa misingi ya sheria za Uingereza, yaani nguvu ya kiasi. Ukimkanyaga mtu aliyeshaanguka, wewe ndiye utakayejieleza kituoni.

Ukumbi na ada sijakujibu, najua. Hayo kila mtu hapa atakwambia. Yule mama mkono ulipona lakini haukunyooka wote, na bado ananiita mwalimu tukikutana sokoni. Kama umeshatuma amana, mpigie huyo mtu leo, kabla ya Ijumaa, umwambie akurudishie.