Maswali yenu ya cheti cha polisi: Doha, vidole vya saruji na kishoka wa stendi

Habari za wikiendi wadau. Meseji za wiki hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, cheti cha polisi cha kuombea viza ya kazi, kile mnachokiita klirensi. Nimechagua machache, wengine mtajikuta humohumo.

*Dada nesi wa Sakina: "Nilifanya kazi Doha miaka mitatu, nimerudi 2022. Sasa nimepata ofa ya hospitali Uingereza. Nikichukua cheti cha Tanzania si kinatosha?"*

Hakitoshi dada, pole. Kwa kazi za afya Uingereza wanataka cheti cha kila nchi uliyokaa miezi 12 au zaidi, hata kama ni ya kuunga unga, ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa umeshafikisha miaka 18. Kwa hiyo ni Tanzania na Qatar, vyote viwili. Na hapo kwenye Qatar ndo kazi ilipo kwa sababu ungekuwa bado uko kule na kitambulisho chako kinafanya kazi ungeombea kwenye simu, ila ukishatoka inabidi upite ubalozi wao Dar au umpe mtu aliyeko kule barua ya uwakilishi akufuatilie. Vidole unachukuliwa polisi hapahapa Arusha, afu karatasi inagongwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, ndo ubalozi nao wagonge wa kwao, kwa mpangilio huo huo, ukiruka mmoja unarudishwa mwanzo.

Haya yalinikuta mwenyewe. Nilitoka nchi moja ya Ghuba haraka haraka, mkataba umeisha, tiketi ya kampuni, begi moja. Miaka miwili baadaye nataka cheti chao, nafungua ile programu ya serikali yao inaniambia imetuma namba ya siri kwenye simu yangu, simu gani sasa, laini yenyewe nilishaivunja nikaitupa kwenye ndoo ya taka pale eapoti! Nilihangaika miezi minne. Kwa hiyo kama una ndugu yuko Ghuba na anakaribia kurudi, mpigie leo mwambie aombe cheti kabla hajapanda ndege, na aje na kopi ya kitambulisho cha kule pamoja na kurasa zote za pasipoti zenye mihuri.

*Fundi ujenzi, Ngarenaro: "Bro vidole vyangu vimekataliwa mara mbili, wanasema havisomeki. Ndo nimekosa safari?"*

Hujakosa, umechoma vidole na saruji tu. Saruji mbichi inakula ngozi, ile mistari inalainika mpaka kidole kinakuwa kama kijiko. Kapumzike na zege wiki moja hadi mbili (najua, na hela ya kula je, ila panga na bosi akuweke kwenye kazi nyingine), usiku paka glisirini au mafuta mazito ulale nayo. Siku ya kwenda nawa kwa maji ya kawaida ukaushe vizuri, usiende na mafuta mkononi wino utateleza. Ukifika legeza mkono kabisa, mwache askari akuzungushie kidole mwenyewe toka upande mmoja wa kucha mpaka mwingine, watu wengi wanakandamiza wakidhani ndo itatoka vizuri kumbe wino unajaa kwenye mistari, linabaki doa jeusi. Mwombe achukue karatasi mbili au tatu, utume ile safi zaidi. Na dada zangu wenye harusi, hina ya kwenye ncha za vidole isubiri kwanza.

*Kijana wa Pasua, Moshi: "Nilisoma Ohio miaka 2. Canada wananiomba cheti cha Marekani, niandikie polisi wa Ohio?"*

Hapana, polisi wa jimbo waache. Cheti kinachotakiwa ni cha FBI, wapelelezi wa taifa zima la Marekani. Fomu ya vidole inaitwa FD-1164, unaiprinti kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, vidole unachukuliwa hapo Moshi, ada ni dola 18. Ombi lijaze mtandaoni kwanza, wakupe namba, ndo utume karatasi ya vidole kwa posta kwenda West Virginia ukiwa umeiandika hiyo namba, jibu linarudi kwa imeili. Kutuma kwa kuria ya haraka kutakula hela kuliko ada yenyewe, jiandae. Canada wao wanahesabu nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi.

*Mama wa Njiro: "Mwanangu alifanya kazi Nairobi, cheti anapata akiwa huku?"*

Anaombea eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, anaprinti fomu ya vidole C24, afu anachukuliwa vidole. Mama yangu mwambie apande tu basi la Namanga akamalizie Kenya kulekule, atapumzika kichwa.

*Hakutaka kutaja mtaa: "2014 nilipigana baa Kwa Mrombo, nikapelekwa mahakamani nikalipa faini. Kwenye fomu niandike sina kesi?"*

Aisee usithubutu. Faini ya ugomvi wa baa peke yake mara nyingi haikufungii mlango. Uingereza wanachokataa moja kwa moja ni kifungo cha miezi 12 kwenda juu. Kinachokufungia ni kudanganya, Canada ukidanganya unakaa nje miaka 5, Uingereza inaweza kufika 10. Andika ukweli, ambatanisha kopi ya hukumu na risiti ya faini, na kama umezipoteza nenda masijala ya mahakama ile ile ukaombe nakala.

*Chalii wa stendi ndogo: "Kuna jamaa anasema laki mbili tu, cheti kinatoka kesho bila vidole, na ofa ya kulea wazee Uingereza anayo."*

Huyo ni kishoka, tena wa mchana kweupe. Bila vidole polisi wanamtafutaje mtu kwenye rekodi zao, kwa sura? Na hiyo ofa ndo imemuumbua kabisa, Uingereza walishafunga kupokea walezi wa wazee wapya kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Mwambie akupe kontroo namba ulipie mwenyewe benki au kwenye simu. Akianza kukuambia tuma kwenye namba ya shemeji yake, wewe panda daladala urudi nyumbani.