Neno “rice” kwa Kikhmer: mpunga, mchele au wali?

Muuliza swali anashangaa kwamba kamusi yake ya Kiingereza na Kikhmer, lugha ya Kambodia, inampa maneno matatu kwa neno moja, “rice”, bila kumweleza lipi litumike wapi. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili ni jepesi, mradi akiweke Kiingereza kando kwa muda. Nafaka ikiwa shambani, au ikiwa imevunwa lakini haijakobolewa, huitwa srov (ស្រូវ), nao ndio mpunga. Ikishakobolewa ni angkar (អង្ករ), yaani mchele. Ikiiva chunguni ni bay (បាយ), wali.

Nilipohamia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, kikazi, nilikuwa nimekariri bay peke yake. Nikaenda sokoni, nikasimama mbele ya mama aliyerundika mchele wake kwenye mabeseni, kila rundo limechomekwa kibao cha bei, nikamwomba kilo mbili za bay. Alicheka mpaka akaweka kopo lake la kupimia chini, kisha akaninyooshea kidole upande wa mama lishe. Ni sawasawa na mtu kufika Kariakoo kwa muuza mchele na kuagiza kilo mbili za wali.

Ulinganifu huu unafika mbali kuliko nilivyotarajia, kwani hata ukoko una jina lake, bay kdang. Angalizo moja tu: angkar ya mchele isichanganywe na Angkor (អង្គរ) ya yale mahekalu mashuhuri, ambayo asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya mji; matamshi yanakaribiana, lakini herufi moja ya katikati ni tofauti.

Pale Kiswahili kinapoishiwa ni kwenye upana wa bay. Jiko la nyumbani ni phteah bay, kwa maana ya neno kwa neno “nyumba ya wali”, na nyam bay ni kula chakula kwa jumla, kwa hiyo ukitafsiri “kula wali” kila unapolikuta utapotosha. Jirani yangu alizoea kunisalimu kwa kuuliza, “Nyam bay haey nov?”, yaani umeshakula, nami nikamjibu “Nyam haey”, nimeshakula, hata siku ambazo nilikuwa nimekunywa supu ya tambi tu.